Ivy Aenda Intavyu

Pale Bungoma mjini, ukitoka msikitini ukielekea stendi, palikuwa na benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la mbegu. Mwisho mmoja wa benchi Mzee Mohamud aliweka jiko lake la makaa na birika la kahawa. Mwisho wa pili Wakoli alipindua baiskeli mbovu za boda boda, magurudumu juu, akaziziba pancha na kuzinyoosha spoki. Katikati ndipo walipokaa wenye maneno. Watu wa upande huo ni watu wa chai, lakini waliokaa hapo walikuwa wamekwisha kuzoea ile kahawa chungu yenye tangawizi, na wakimwona mtu na kikombe cha chai walimtazama kama mgonjwa. Ilikuwa Januari, mwaka wa tatu tangu serikali itangaze elimu ya msingi kuwa ya bure, na mji ulikuwa umejaa watoto wenye sare zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani.

Wakoli aliitwa Karatasi, kwa sababu alikuwa ametumia ujana wake katika kiwanda cha karatasi kule Webuye mpaka kazi ikaisha. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Nekesa, alikuwa Kitale akifanya kazi ya nyumba, na mtoto wa Nekesa, Ivy, alibaki kwa babu yake. Ivy alikuwa na umri wa miaka sita. Kila asubuhi Wakoli alimpakia kwenye keria ya baiskeli, akamleta mjini, akamketisha kwenye benchi, naye akakaa hapo mpaka jioni akiwatazama watu wakinywa kahawa. Hakuwa mtoto msumbufu. Watu walimsifu kwa hilo.

Jumatatu hiyo walikuja wamechelewa. Ivy alikuwa amevaa sare ya buluu iliyomfika karibu na vifundo vya miguu, maana Wakoli alinunua ya kukulia. Wakoli hakusalimu. Alichukua pampu, akaanza kujaza tairi ambalo halikuwa limepungua upepo.

— Karatasi, si leo ilikuwa siku ya shule? aliuliza Kizito, aliyekuwa ameketi katikati ya benchi.

— Amekatariwa, alisema Wakoli.

Kisha akawaeleza, kidogo kidogo, bila kuinua uso. Walifika mapema, wakapanga foleni na wazazi wengine. Mwalimu mmoja wa kike alimwita Ivy mezani, akampa penseli, akamwambia aandike jina lake. Ivy aliishika penseli kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika spana, akaiweka juu ya karatasi na kutulia. Akaonyeshwa herufi. Akaulizwa ni herufi gani. Ivy akasema ni gunia, kwa sababu herufi kama hizo alikuwa ameziona kwenye magunia ya duka la mbegu. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alimwambia Wakoli kwamba waliotaka nafasi walikuwa wengi kuliko madeski, na kwamba wangeanza na wale waliopitia nasari. Ampeleke nasari mwaka mmoja, halafu amrudishe.

Wakoli alimuuliza kama nasari nayo ni ya bure. Mwalimu akasema hapana, ile ya bure inaanzia darasa la kwanza.

— Wameweka mrango wa bure huko juu, Wakoli alisema, akichomoa pampu. Rakini ngazi wanataka tujitafutie wenyewe.

Mzee Mohamud akamimina kahawa bila kuulizwa, akampa. Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kazi yake.

Kizito aliitwa Bunge. Alikuwa na kibanda cha betri na redio upande wa pili wa barabara, na alichosikia kwenye redio alikirudia kama aliyekuwa amekaa ndani ya ukumbi wenyewe. Alisema jambo hilo analijua tangu mwanzo. Kwa sheria ya nchi, alisema, mtoto chini ya miaka sita hajaandikwa popote. Ana cheti cha kuzaliwa, halafu serikali inampoteza, halafu inampata tena mlangoni mwa darasa la kwanza na kumuuliza alikuwa wapi siku hizo zote.

Rotich hakukubali. Rotich aliitwa Suam, kwa kuwa alileta mahindi na maharagwe kutoka mpaka wa Suam, na kila jambo la Kenya kwake lilikuwa na mzizi upande wa Uganda. Alisema ni hesabu tu. Mtoto asiyekwenda nasari atarudia darasa la kwanza, na akirudia atahesabiwa mara mbili, na wazungu wa misaada wakisoma zile hesabu watasema, kumbe Kenya imesomesha watoto wengi namna hii. Alisema Uganda walianza mchezo huo zamani.

— Kwa hivyo Ivy ni watoto wawili? aliuliza Mzee Mohamud.

— Kwa vitabu vyao, eeh. Na akianguka tena ni watatu.

Bunge akasema hilo ni dogo. Akasema yeye alisikia, hakumbuki stesheni gani, kwamba kuna wataalamu waliothibitisha kuwa ubongo wa mtoto wa shamba hufunguka akiwa na miaka saba, na wa mtoto wa mjini akiwa na mitatu, ndiyo maana nasari zote nzuri ziko mjini. Suam akasema basi na sukari imechangia, hasa watoto wa huku wanaotafuna miwa tangu hawajaota meno. Waliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Ivy alikaa kati yao na sare yake mpya, akigeuza kichwa kumwelekea kila aliyesema.

Wakoli aliwasikia kwa sikio moja. Kabla ya kuondoka pale shuleni alikuwa amemsihi yule mwalimu, naye akamwambia kwamba nafasi zitakazobaki zitatolewa wiki itakayofuata kwa intavyu ya pili. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza.

Kesho yake alimwacha Ivy na Mzee Mohamud, akaendesha baiskeli mpaka Kabuchai. Alikumbuka kwamba pale kanisani palikuwa na nasari, na mwalimu wake, Agneta, alikuwa anasifiwa sana. Alikuta chumba kimefungwa kwa mnyororo. Alipochungulia dirishani aliona mifuko ya mbolea ya miwa imepangwa mpaka juu, na ukutani, juu ya mifuko, picha ya tembo iliyochorwa kwa rangi. Jirani akamwelekeza shambani. Agneta alikuwa katikati ya miwa michanga, jembe mkononi, akipalilia shamba la mtu.

Wakoli alimwamkia, akamweleza shida yake. Agneta alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

— Mzee, mimi sikufunga shule, alisema. Ile Januari ya elimu ya bure, wazazi walikuja kunipongeza. Waliniambia, Mwalimu, sasa umepumzika. Watoto waliokuwa kwangu wakapelekwa darasa la kwanza siku hiyo hiyo, hata wa miaka minne. Nilikaa na chumba, nikafagia kila asubuhi, nikangoja wadogo zao. Hawakuja. Wazazi walisema, nani atalipia kitu ambacho kesho ni cha bure?

— Na serikari?

— Alikuja mtu mmoja na gari. Alisema kuna mpango wa nchi nzima, wa kusaidia shule za watoto wadogo. Vitabu, vifaa, hata kitu kidogo cha mwalimu. Akasema tusichoke kungoja. Akapiga picha mlango, akaenda.

— Aripiga picha mrango umefungwa?

— Umefungwa.

Wakoli akamwomba amfundishe Ivy, yeye peke yake, hata kwa siku hizo chache. Agneta akatazama mistari ya miwa iliyokuwa mbele yake, ambayo ilibidi imalizike kabla ya jua kuwa kali. Alisema mtoto mmoja peke yake si nasari. Alisema pia kwamba angependa, na kwamba Wakoli asimchukulie vibaya. Kisha akaendelea kupalilia. Wakoli alisimama pale muda kidogo, akaona jinsi alivyopalilia kwa uangalifu, akigusa kila shina kama anamwita mtu kwa jina. Akapanda baiskeli akarudi.

Kijiwe kilipopata habari, kiliamua. Hakuna aliyejua ni nani aliyelitoa wazo hilo kwanza, na baadaye kila mmoja alisema ni mwenzake. Ivy angefundishwa pale pale, kwenye benchi. Bunge alisema wamekaa hapo miaka wakitoa elimu kwa watu wazima wasiotaka, sembuse mtoto anayetaka.

Basi wakamfundisha. Bunge alichukua asubuhi. Alimfundisha kusimama wima, mikono nyuma, na kujibu kwa sauti. Alimfundisha majina ya mikoa na ya mawaziri, na jinsi ya kusema jina lake lote kabla ya kuulizwa. Suam alichukua mchana, baada ya kushusha magunia. Alimfundisha kuhesabu, lakini alihesabu kama wanavyohesabu mpakani, kwa korokoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na kwa debe, na walipofika kwenye nusu debe Ivy akapotea. Mzee Mohamud, ambaye alifundishwa kwa kiboko kwenye chuo cha Kurani alipokuwa mdogo, alikataa kumfundisha chochote. Alisema hajui njia nyingine ya kufundisha, na hiyo hataki kuitumia. Alimpa tu maandazi.

Wakoli alimfundisha kuandika. Alichora herufi kwa chaki kwenye tyubu kuukuu, I, halafu V, halafu Y, na Ivy akazifuata kwa kidole mpaka kidole kikawa cheupe. Akikosea, Wakoli alifuta tyubu kwa kiganja na kuanza upya. Hakumgombeza. Lakini hakumwachia pia. Boda boda walikuja na kuondoka, na mara mbili Wakoli alikaza nati vibaya kwa sababu macho yalikuwa kwenye tyubu.

Ugomvi ulikuwa juu ya kitakachoulizwa. Suam alisisitiza kwamba intavyu ya kweli ni moja tu, ile ya kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua, usipolifikia, rudi kwa mama yako. Hivyo ndivyo walivyomchukua yeye, alisema. Bunge akamwambia hayo yaliisha na wakoloni. Wakambishania Ivy mpaka mchana ukaisha, na kwa usalama wakamfundisha na hilo. Alilifikia sikio. Kijiwe kizima kikapumua.

Siku ya tatu Nekesa alipiga simu kutoka Kitale. Alipiga kwa Bunge, kwa kuwa Wakoli hakuwa na simu, na Bunge akavuka barabara mbio na simu mkononi. Wakoli alimweleza binti yake.

Nekesa alijibu taratibu. Alisema mtoto wa bosi wake ana miaka minne, na kila asubuhi yeye ndiye anayemshika mkono kumpeleka nasari. Alisema nasari hiyo ina bembea na rangi, na ukifika umechelewa unawasikia wakiimba tangu barabarani. Mchana anamfuata, naye humwonyesha alichochora. Alisema anapenda kumbeba yule mtoto, siyo kwamba ana kinyongo. Halafu akasema anakuja Jumamosi ya baada ya intavyu, siku yake ya kupumzika, na akakata.

Wakoli alirudisha simu. Bunge alitaka kujua amesemaje. Wakoli alisema amesalimia watu wote.

Siku ya intavyu Wakoli alioga kabla ya jua, akampaka Ivy mafuta mpaka akang'aa. Kijiwe kilitaka kwenda chote, akakikataza. Alikwenda naye peke yake, na yaliyotokea huko aliwasimulia baadaye mara moja tu.

Mwalimu alikuwa yule yule. Safari hii hakutoa herufi. Aliweka mezani kalamu za rangi na karatasi, akamwambia Ivy achore chochote anachopenda. Ivy akasimama wima, mikono nyuma, akataja jina lake lote. Mwalimu akamwambia vizuri sana, sasa chora. Ivy akataja mikoa. Mwalimu akamsogezea kalamu za rangi. Ivy akazitazama, halafu akamtazama babu yake aliyekuwa mlangoni, na Wakoli akaona kwamba mtoto anamuuliza jibu. Hata yeye, mtu mzima, hakujua mtu huchora nini akiambiwa achore apendacho.

Mwalimu akasema basi, aimbe wimbo, wowote ule. Ivy akafikiri. Kisha kwa sauti kubwa na iliyo wazi, jinsi Bunge alivyomfundisha, akasema:

— Hii ni taarifa ya habari.

Walimu wawili waliokuwa dirishani wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ivy akaona wanacheka, akafikiri amekosea mwanzo, akaanza tena. Alipomaliza, akapitisha mkono juu ya kichwa, akashika sikio, na akabaki amelishika.

Yule mwalimu hakucheka. Alikuja mlangoni akazungumza na Wakoli kwa sauti ya chini. Alisema mtoto ni mwerevu, na kwamba si kosa lake, wala si kosa la Wakoli. Alisema waliambiwa kuna mpango unaokuja, wa kuweka nasari katika kila shule ya msingi, nchi nzima, na ukifika Ivy atakuwa wa kwanza kuitwa. Wakoli akamuuliza unafika lini. Mwalimu akasema yeye ni wa kufundisha tu.

Wakoli hakurudi kijiweni siku hiyo. Alimpeleka Ivy moja kwa moja kwenye shule iliyo kando ya reli, ambako hawaulizi mtoto chochote. Walimpokea. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto wengi hata wengine walikaa nje chini ya dirisha, na mwalimu akiandika ubaoni, wa dirishani wanawasimulia wa nje ameandika nini. Ivy aliwekwa nje. Watoto waligawanywa mafungu mawili. Fungu lake lilisoma asubuhi mpaka saa nne, kisha likaruhusiwa. Kwa hiyo kila siku saa nne na kitu Ivy alikuwa amerudi benchini, sare yake ina vumbi la reli, akikaa palepale alipokaa siku zote.

— Sasa si yuko shule? Suam alisema. Yameisha.

Bunge alijaribu kumuuliza Ivy wamefundishwa nini leo. Ivy akasema yule wa dirishani amesema ni A.

Jumamosi Nekesa akaja. Alishuka stendi asubuhi, akatembea mpaka kijiweni na kitambaa kichwani, kwa haraka ya mtu ambaye lazima awe amerudi Kitale kabla ya giza. Aliwasalimu, Hamjambo wazee, na kila mmoja akamwitikia na kumsogezea nafasi. Hakukaa. Ivy alipomwona aliteremka kwenye benchi, akamwendea, akampa mkono kumsalimia, jinsi watu wazima wanavyosalimiana pale. Nekesa akaushika ule mkono mdogo. Alichukua muda kabla ya kumvuta kifuani.

Wazee walimwacha apumue, kisha wakaanza kumweleza. Bunge alimweleza habari ya sheria. Suam alimweleza habari ya hesabu, na sasa alikuwa ameongeza kwamba kuna gari zima la vitabu vya nasari lilivuka mpaka pale Suam likaishia Mbale, na kwamba yeye mwenyewe aliliona. Bunge alisema hayo ni maneno ya sokoni; ukweli ni kwamba mpango upo, umepitishwa, umebaki kutiwa sahihi, na mwenye kutia sahihi anangojea uchaguzi. Walimweleza jinsi walivyomfundisha mtoto wake, kila mmoja saa zake, na wakamwambia Ivy ataje mikoa mama asikie. Ivy akataja yote bila kukosea. Mzee Mohamud akampa Nekesa kikombe cha kahawa, naye akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante, lakini hakunywa. Alikuwa akimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mbele ya benchi, wima, katikati ya watu wazima wale.

— Nimewashukuru, alisema. Mmesaidia sana baba yangu. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu.

— Sema, mama Ivy.

— Huyu hucheza na nani?

Bunge, mwenye jibu la kila kitu, akageuka kutazama kibanda chake ng'ambo ya barabara. Suam akamtazama Mzee Mohamud, naye Mzee Mohamud akainama kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Wakoli aliacha gurudumu alilokuwa akilizungusha, likaendelea kuzunguka lenyewe. Alijaribu kukumbuka mtoto mmoja, hata jina moja tu. Alikumbuka boda boda, wateja, wazee, mpiga debe wa stendi ambaye humpa Ivy njugu. Alikumbuka keria ya baiskeli, kwenda na kurudi.

— Baba?

— Hukaa na sisi, Wakoli alisema.

Nekesa akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari aliyokuwa tayari anaijua. Aliweka kikombe kwenye benchi. Akainama mbele ya Ivy, akamrekebishia ukosi wa sare, akamwonyesha ule uwanja mdogo nyuma ya duka la mbegu, ambako watoto wa wenye maduka walikuwa wakirukaruka kwenye mistari waliyoichora ardhini.

— Nenda ucheze, mama. Niko hapa, nakuona.

Ivy akaenda. Alitembea mpaka ukingoni mwa ile mistari, akasimama. Watoto wakamtazama. Mmoja akamwambia kitu, pengine jina lake, pengine kwamba aingie. Kutoka benchini walimwona Ivy akinyoosha mgongo, akapeleka mikono nyuma, akainua kidevu, na kungoja aulizwe swali.